Wataalamu bila wenyewe?

Jamani, wiki iliyopita shemeji alinipigia simu akasema eti kuwauliza wananchi habari za bustani za jiji ni kupoteza muda, kazi hiyo ni ya wataalamu. Nikacheka peke yangu.

Hapa Minneapolis bustani zina baraza lake, lililoundwa mwaka 1883. Wajumbe ni 9, na wote wanapigiwa kura na wakazi kila baada ya miaka 4: 6 wanawakilisha maeneo mbalimbali, 3 jiji zima. Mjumbe akiunga mkono bembea za watoto zing'olewe, unamnyima kura, basi. Sisemi huku ni peponi! Mikutano ni mirefu, watu wanabishana juu ya mbwa na baiskeli mpaka usingizi unakushika. Wataalamu nao wapo, ila wanakaa wanasikiliza.

Na sisi je? Mwaka 1989 ramani ilikuwa tayari, ya jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alipopinga, wabunge wakamkejeli. Jumba halikujengwa. Angewaachia wataalamu, leo shemeji angewapeleka watoto wapi Jumapili? Kwenye lifti?

Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inataka wananchi washirikishwe. Kwa hiyo ndugu zangu, siku mkiona mabati yanazungushwa kwenye uwanja wa mtaa wenu, msiulize utafunguliwa lini. Ulizeni nani alichora ramani, na kama alimuuliza yule mama muuza njugu anayeshinda pale tangu asubuhi.