Cheka Gari, Lakini Piga Hesabu ya Mafuta

Wasee, wiki jana nilimwonyesha anko picha ya Volkswagen XL1. Anko ni dereva wa teksi hapa Nairobi, na kila usiku anapiga hesabu ya mafuta kabla ya ile ya unga. Aliangalia simu, akaangua kicheko. "Hii ni gari ama sabuni imetumika nusu? Mteja akiniona nikija na hii si atajificha?"

Sikumlaumu. Hata mimi nilicheka mara ya kwanza. Magurudumu ya nyuma yamefunikwa, mwili unapungua kuelekea nyuma, na badala ya vioo vya pembeni kuna kamera.

Lakini sikia. Hiyo gari ilionyeshwa Qatar mwaka wa 2011, kisha zikatengenezwa 250. Kwa vipimo rasmi, betri ikiwa imechajiwa, inatumia lita 0.9 kwa kilomita 100. Yaani unatoka Nairobi unafika Naivasha na chupa ya lita moja haijaisha! Ni kweli pia ni nyepesi, kilo 795, na ina mota ya umeme. Lakini hilo umbo tunalocheka linafanya kazi kubwa.

Muulize mtu wa nduthi kwa nini analala juu ya tangi akiwa Thika Road. Anakwepa upepo. Ukiongeza spidi mara mbili, upepo unakusukuma nyuma kwa nguvu mara nne. Gari yenye uso kama kabati inapigana na huo upepo, na bili ya hiyo vita unalipa wewe pale petroli stesheni.

Najua mtasema: kwa jam ya Nairobi umbo litasaidia nini? Sawa, ukitambaa halisaidii sana. Na XL1 ilikuwa ghali, zaidi ya yuro 100,000. Sisemi mkainunue. Shida yangu ni kwamba watengenezaji huuza kile tunachotamani. Tukicheka kila gari inayookoa mafuta, tutaendelea kuuziwa makabati.

Na macho huzoea. Si Probox tuliicheka? Leo inabeba miraa, abiria, hadi mbuzi, na hakuna anayeuliza kama ni mrembo.

Mimi niliacha campo mwaka wa pili, watu wakacheka. Kicheko chao hakijawahi kunilipia rent. Na hiki chetu hakitamjazia anko tangi.

Nilipomtajia ile lita 0.9, anko alinyamaza. Akaitisha simu tena, akaivuta picha ikawa kubwa. "Inabeba wangapi?"

Wawili tu, yeye na mteja mmoja. Akatikisa kichwa, akanirudishia simu. Sasa hiyo ndiyo sababu ya kukataa gari. Tuanze na maswali kama hayo, kicheko kije baadaye.