Mbwa wa roboti auzwe pamoja na haki ya kutengenezwa
Mwaka 1999 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza AIBO, mbwa wa roboti anayetikisa mkia na kufukuza mpira. Mwaka 2006 ikaacha kumuunda, na 2014 ikafunga huduma ya ukarabati. Wenye mbwa walioharibika wakabaki kuwategemea mafundi binafsi, waliong'oa vipuri kwenye mbwa wengine. Kabla ya kung'olewa, mbwa hao walisomewa dua za mazishi katika hekalu la Kibudha mjini Isumi.

Wapo watakaosema hiki ni kitu cha kuchezea tu, na kila teknolojia hupitwa na wakati. Ni kweli, lakini anayeuza mnyama ili apendwe ameuza pia ahadi. Sheria imlazimishe, anapoacha kumhudumia, kutoa vipuri na michoro kwa fundi yeyote.