Mazungumzo ya Nyumbani: Jinamizi

Mwezi huu mama mmoja wa hapa Kiembe Samaki alitujia akiwa na hofu nyingi. Mwanawe, kijana wa darasa la saba, aliamka usiku, macho wazi. Aliwaona nduguze wamelala kando yake, akasikia mbwa akibweka njiani, lakini hakuweza kuinua kidole wala kupaza sauti. Kifuani aliona uzito kama wa mtu aliyemkalia, na mlangoni kivuli kimesimama. Mama akatuuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, je, ndiye yule amerudi?" Hakulitaja jina, wala hakuwa na haja ya kulitaja. Sisi watu wa makamo hapa Unguja twalijua.

Jina hilo ni Popobawa. Mwaka 1995, katika mwezi wa Ramadhani, habari zake zilienea Pemba, kisha zikavuka bahari hata Unguja. Ilinenwa ya kuwa pepo mwenye bawa kama la popo huingia nyumbani usiku, humkandamiza mtu kitandani na kumtenda aibu, na ya kuwa asiyewaeleza wenzake hurudiwa tena. Basi watu wakatoka vyumbani na watoto wao, wakalala nje makundi makundi mbele ya nyumba, moto ukiwaka.

Wakati ule sisi tulikuwa wanafunzi. Tulilala barazani juu ya mkeka pamoja na jamaa na majirani, Wakristo kwa Waislamu, kwani hofu haikumwuliza mtu dini yake. Usiku mmoja, karibu na alfajiri, tukaamka tumefungwa mwili mzima, vile vile kama kijana huyu. Kulipokucha majirani wakatuzunguka, wakauliza, "Ulimwona? Alifanana na nani?" Tukamkumbuka mzee mmoja mgeni, asiye na jamaa, aliyekuwa akiokota makuti karibu na kisima. Jina lake likafika ulimini. Ndipo bibi yetu akatukata kauli, akasema, "Mwacheni mtoto. Hilo ni jinamizi, alilala chali." Watu wakacheka kidogo, wakatawanyika.

Mwaka ule ule, mjini, umati wa watu ulimkamata mtu mgonjwa wa akili, wakamwita Popobawa, wakamwua. Tulipopata habari hiyo hatukuweza kula. Tulijua jinsi neno lile lilivyo jepesi kutamkwa.

Bibi alisema kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Usingizi una zamu zake. Kila baada ya saa moja na nusu hivi, ubongo wa mtu aliyelala huingia katika zamu ya ndoto nyingi, na kuelekea asubuhi zamu hiyo huwa ndefu zaidi. Wataalamu wawili wa Chicago, Aserinsky na Kleitman, waliieleza mwaka 1953, walipoona macho ya waliolala yakienda huku na huku chini ya kope. Katika zamu hiyo ubongo huilegeza misuli ya mwili, mtu asije akayatenda yale ayaotayo. Asipige ukuta akidhani apiga adui. Macho huachwa huru, na pumzi huendelea. Lakini pengine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Mwenye nyumba ameamka, na mlango bado una komeo. Hilo ndilo jinamizi. Hudumu nafasi ndogo, au dakika chache, kisha komeo hutoka lenyewe.

Na ule uzito je? Misuli ya kifua imelegea, na pumzi yaendeshwa na kiwambo kilicho chini ya mapafu. Mtu akijaribu kuvuta pumzi kwa nguvu hawezi, naye huona amekaliwa. Na kivuli? Ndoto haijakoma. Ubongo uliojawa na hofu hutafuta adui, na ndoto humpa adui huyo sura. Sura yenyewe kila nchi huitoa kwake. Watu wa Newfoundland husimulia habari za kikongwe akaaye kifuani. Wajapani huita kanashibari, maana yake kufungwa kwa chuma. Sisi, tuonao popo kila magharibi katika miembe yetu, tukamwona popo.

Jambo hili si la wachache. Mwaka 2011 wachunguzi walikusanya hesabu za nchi mbalimbali, wakaona ya kuwa watu kama 8 katika kila 100 wamepatwa nalo hata mara moja maishani. Huwapata zaidi wasiolala vya kutosha, wenye mashaka moyoni, na walalao chali. Sasa utazameni mwaka 1995. Ulikuwa mwezi wa kuamka usiku kula daku. Ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mapinduzi ya 1964, na mioyo ya watu haikutulia. Juu ya hayo wakakesha nje kwa kumwogopa Popobawa. Hofu ilizaa mkesha, mkesha ukazaa jinamizi, na jinamizi likazaa hofu mpya. Hatusemi kila lililosimuliwa lilikuwa jinamizi, kwani uvumi nao ulikuwa na sehemu yake kubwa. Hata mwaka 2007 habari hizo zilisikika tena Dar es Salaam.

Basi yatupasa kufanya nini nyumbani? Mtoto alale saa ile ile kila siku, wala asikeshe na simu mkononi. Alale ubavu. Akipatwa, asishindane na mwili mzima. Ajaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu, na kuvuta pumzi polepole, akijua ya kuwa litapita. Aliye karibu akisikia mwenziwe akikoroma kwa shida, amguse bega na kumwita jina. Likirudi mara nyingi, au mtoto akisinzia ghafula mchana, mpelekeni kwa daktari. Ombeni naye, ndiyo. Lakini mwelezeni pia, kwani mtoto aliyeombewa asielezwe huogopa usiku wa pili.

Nanyi walimu, mtoto akija darasani na habari kama hizi, msimcheke, wala msimwulize alimwona nani. Swali hilo ndilo hatari. Yule mzee wa makuti alikufa kwa uzee wake, miaka mingi baadaye, wala hakujua alivyokuwa karibu na kuuawa asubuhi ile. Alipona kwa neno la bikizee mmoja aliyejua tofauti ya usingizi na adui.