Netiweki Inasingiziwa

Najua nimekuwa kimya siku nyingi, mtanisamehe. Semista imeanza, na hizi foleni za kila ofisi pamoja na kusubiri bumu zimenimaliza kabisa. Lakini leo siwezi kulala na hili jambo. Limenikaa rohoni tangu Septemba nilipotoka nyumbani, na jana usiku hapa hall likanipanda upya.

Jana ilikuwa hivi. Jamaa wa chumba cha jirani anahangaika na laptop, peji hazifunguki. Akaingia mmoja, hata skrini hakuiangalia, akasema, "Netiweki hiyo." Akaja mwingine: "Hapana, imekula virusi, piga window upya." Tulikuwa watu sita mle ndani, wote wa chuo kikuu, wawili wanasoma mambo ya kompyuta kabisa. Hakuna hata mmoja aliyesoma yale maandishi yaliyokuwa katikati ya skrini yanatuangalia! Mimi nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, maana nilikumbuka Mtendeli.

Kwa wasiopajua, Mtendeli ni kwetu, wilaya ya Kakonko, mkoa wa Kigoma, kule juu kwenye baridi. Zamani tulikuwa Kibondo mpaka Kakonko ilipomegwa mwaka 2012. Wengi mmepasikia kwa sababu ya kambi ya wakimbizi wa Burundi. Ilifunguliwa tena Januari 2016, na mwishoni mwa 2021 ikafungwa, watu wakahamishiwa Nduta. Wageni wakaondoka, sisi wenyeji tupo na mihogo yetu na maharage yetu.

Sasa sikilizeni. Agosti 2025 mimi niko field Dar. Mdogo wangu wa kike kamaliza form six, kafaulu vizuri, kachaguliwa chuo. Kilichobaki ni kuomba mkopo. Akapanda bodaboda kwenda mjini kwenye stationery, kwa sababu kila mtu alimwambia lazima utumie kompyuta. Kafika, peji ya maombi haifunguki. Kijana wa stationery akamwambia, "Dada, netiweki leo imekataa, njoo kesho." Kesho yake akaenda tena. Netiweki imekataa. Safari ya tatu akanipigia simu, sauti ya kulia. "Kaka, inakataa, sasa nifanyeje?"

Na mimi, msomi wa familia, mtu ambaye mzee aliuza maharage nifike huku, nikajibu nini? Nikajibu, "Aah, ni netiweki ya huko kwetu bwana. Jaribu usiku watu wakilala."

Dirisha likafungwa. Mkopo hakuomba. Chuo kilikuwepo, nafasi ilikuwepo, ada haikuwepo. Yuko nyumbani anasubiri mwaka mwingine, na mama kila nikipiga simu ananiambia, "Mwenzako amekonda kwa mawazo."

Septemba nikafika nyumbani. Siku moja nikaenda stationery ile ile kuprinti ripoti yangu ya field. Nikawa natupa macho kwenye kona ya skrini, pale chini kulia. Tarehe inasoma 1 Januari 2009.

Wadau, nilihisi miguu imeisha nguvu. Nikafungua simu, nikarudi kwenye meseji za Agosti. Mdogo wangu alikuwa amenitumia picha ya ile skrini kwa WhatsApp. Nikaikuza. Kona ya chini, 2009. Katikati, maandishi makubwa kwamba saa ya kompyuta iko nyuma, na chini yake ERR_CERT_DATE_INVALID. Yote yalikuwemo. Mimi niliiangalia ile picha sekunde mbili, nikasema netiweki.

Na cha kuchekesha, kama kuna cha kucheka hapo, ile picha ya kunionyesha kwamba "mtandao hakuna" ilinifikia kwa mtandao! Simu ya mdogo wangu na modemu ya stationery zilikuwa za kampuni moja, mnara mmoja. Picha ikatoka Kakonko ikafika Dar ndani ya dakika. Netiweki ilikuwepo, tena inapiga kazi. Sisi tulikuwa tunaisingizia.

Ngoja nieleze kidogo kwa wasiojua. Tovuti za siku hizi zinazoanza na https zina cheti, yaani kama kitambulisho. Kile cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na brauza hukilinganisha na saa ya kompyuta yako. Kompyuta inayoamini tuko 2009 ikionyeshwa cheti kilichotolewa 2025, inaona kama mtu kaleta kitambulisho cha mtoto ambaye hajazaliwa. Inakataa. Na iko sawa kukataa!

Kwa nini ilikuwa 2009? Ndani ya kompyuta ya mezani kuna kibetri kidogo cha mviringo kama sarafu, CR2032, volti 3. Kazi yake ni kutunza saa umeme usipokuwepo. Kikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi mwanzo. Na kwetu umeme unakatika. Ni juzi tu, 2022, Kigoma tumeunganishwa na gridi ya taifa, kabla ya hapo tuliishi kwa majenereta. Kwa hiyo kila asubuhi baada ya umeme kukatika, ile kompyuta inaamka ikiwa mwaka 2009, na wateja wote wa siku hiyo wanaambiwa netiweki imekataa.

Nilimwambia kijana tubadilishe tarehe kwa mkono. Dakika moja. Peji zikafunguka zote. Kijana akashika kichwa. Si mtu mbaya yule, alikuwa ameshapiga window mara mbili kwa hela yake akidhani ni virusi, na wateja walikuwa wanamkimbia. Kibetri nilikipata kwa fundi saa, shilingi elfu mbili. Mwaka mzima wa mdogo wangu ulikuwa umefungwa ndani ya elfu mbili.

Sasa hoja yangu ni hii, na najua kuna watakaonuna. NETIWEKI SIO JIBU. Ni namna ya kumfukuza mtu kwa heshima. Ukimwambia mtu "netiweki" umemwambia kwamba tatizo liko mbali, angani huko, halina mwenyewe, na dawa yake ni kusubiri. Mtu akishaambiwa asubiri haangalii tena alichonacho mbele ya macho. Na sisi wa chuo ndio wabaya zaidi, kwa sababu tukisema sisi tunaaminiwa.

Na mtu wa mkoani ndiye anayeambiwa zaidi. Angekuwa Mwenge pale hakuna ambaye angemwambia mdogo wangu "netiweki ya huko kwenu", wangeangalia mashine. Lakini ukisema Kakonko, Kasulu, Kibondo, watu wanajua jibu kabla hujamaliza swali. Na mimi Muha wa Mtendeli nilijibu hivyo hivyo. Aibu yangu.

Kuna rafiki yangu nilimsimulia akasema, "Acha kuwasumbua watu wa kijijini na mambo ya saa, wana matatizo makubwa, minara na umeme." Kweli, minara na umeme ni matatizo, na yanahitaji mabilioni ya wakubwa. Hili langu linahitaji jicho kwenye kona ya skrini. Kwa nini nisubiri bilioni ndipo niangalie saa?

Haya, peji ikikataa tufanye nini? Mimi siku hizi nafanya hivi.

Kwanza nauliza, ni peji moja au zote? Kama zingine zinafunguka, netiweki ni nzima, mwache mnara wa watu. Tatizo ni tovuti hiyo, au brauza yako imetunza takataka za zamani. Ifungue kwenye dirisha la siri, ikikubali huko basi futa historia na kukis. Ikikataa huko pia na kwenye simu za wenzako, huenda seva yao imelala.

Pili, nauliza ni mashine yangu tu au na ya mwenzangu? Rusha data kutoka kwenye simu, jaribu. Simu inafungua, kompyuta haifungui, basi mgonjwa ni kompyuta.

Tatu, SOMA. Brauza inajieleza. Ikisema tarehe au cheti, angalia saa. Ikitaja DNS, maana yake imeshindwa kupata anwani ya tovuti. Hakikisha kwanza hujakosea jina, halafu zima rauta uiwashe, au weka DNS nyingine kama 8.8.8.8. Ikitaja proksi, kuna mtu au programu imegusa mipangilio yako, nenda kaizime. Kiingereza kikikupiga chenga, Chrome ina Kiswahili kwenye mipangilio, na si ushamba kuitumia.

Nne, umri wa mashine. Kompyuta nyingi za stationery zetu bado ni Windows 7, na Chrome iliacha kuihudumia Windows 7 mwaka 2023, ikaishia toleo la 109. Wengine bado wanabonyeza ile "e" ya bluu, Internet Explorer, ambayo wenyewe waliistaafisha Juni 2022. Mashine ya hivyo peji nyingine zitaikataa tu hata ukiibeba uipeleke Dar.

Na tafadhali, msiwe kama yule mjanja wa kila chumba anayesema "bonyeza endelea hivyo hivyo". Ile skrini ya onyo ipo kwa sababu. Unapoingiza namba ya NIDA na nywila yako kwenye peji ambayo brauza imeshindwa kuitambua, unaweza kuwa unampa mwizi. Rekebisha saa kwanza, onyo likibaki, toka.

Na vyeti vinazidi kuwa vya muda mfupi. Tangu Septemba 2020 cheti kipya hakikuruhusiwa kuzidi siku 398, na Aprili 2025 wakubwa wa brauza na watoa vyeti walikubaliana kupunguza hatua kwa hatua mpaka siku 47 ifikapo Machi 2029. Yaani zamani saa ikipotea mwezi ungeweza kupita, huko mbele hupiti. Kibetri kitazidi kuwa na thamani.

Na yule jirani wa jana? Alikuwa kwenye Wi-Fi ya chuo na hajaingia kwa jina na nywila. Ile peji ya kuingilia huwa inagoma kutokea ukianza na tovuti ya https. Nikamwambia aandike neverssl.com, peji ya kuingilia ikajitokeza yenyewe, akaingia. Watu sita, dakika arobaini.

Sasa mtasema, kwani wewe netiweki haikatiki? Inakatika! Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Hiyo ilikuwa netiweki kweli. Na kuna nyingine. Mei 2025 X ikafungiwa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima na haikurudi mpaka Novemba 3. Nilikuwepo, mlikuwepo. Na mnakumbuka watu walivyokuwa wanasema hizo siku? "Netiweki inasumbua." Netiweki inasumbua!

Hapo ndipo ninapoumia zaidi. Kibetri kikifa, netiweki. Waya ukikatika baharini, netiweki. Mtu akikaa ofisini akaamua msiongee, netiweki. Neno moja kwa mambo matatu, na matokeo yake kijana wa stationery anabeba aibu isiyo yake, kampuni ya simu inatukanwa kwa kosa ambalo sio lake, na aliyezima hatajwi. Mtu asiyejua kutofautisha saa mbovu na mtandao uliozimwa hawezi kudai chochote kwa yeyote. Atasubiri usiku watu wakilala, kama nilivyomwambia mdogo wangu.

Kwa hiyo kuanzia leo ukiwa karibu yangu usiniambie netiweki mpaka umesoma kilichoandikwa. Na ukipigiwa simu na mdogo wako kutoka mkoani, mwambie akutumie picha ya skrini nzima, halafu ikuze mpaka kwenye kona. Mimi yangu sijaifuta. Iko kwenye simu mpaka leo, na kila dirisha la mkopo likikaribia nitaiangalia.

Mwaka huu maombi yake nitayafanya nikiwa naye mezani. Nimeshanunua kibetri cha akiba.

Ngoja niwahi kipindi cha saa mbili. Naomba kuwasilisha.