LENZI YA 50 INAWAKATA MAMA ZETU KWENYE PICHA, ACHENI MBWEMBWE!

Wadau, leo naongea na wapiga picha wa harusi wa Kasulu na Kibondo, na atakayenuna anune.

Kuna mmoja pale Kasulu mjini, jina kapuni, kazi yake kuwacheka madogo wanaotumia lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera. Eti bila lenzi ya 50 wewe siyo mpiga picha, eti 50 ndiyo lenzi ya kawaida, inaona kama jicho. Madogo wanajichanga, wanaagiza Dar, halafu wanashangaa watu hawaenei kwenye picha!

Sikilizeni. Hiyo sifa ya 50 ilitoka kwenye kamera za filamu, ambazo picha yake ni milimita 36 kwa 24. Huko 50 ni sawa kabisa. Lakini hizi Canon na Nikon za bei ya chini tunazotumia wengi zina sensa ndogo. Kwa Canon zidisha mara 1.6, 50 inakuwa kama 80. Kwa Nikon mara 1.5, inakuwa 75. Hilo jicho la kawaida liko wapi? Hiyo ni lenzi ya kupiga sura ya mtu mmoja bana.

Piga hesabu. Ukisimama mita 4 kutoka kwa watu, Canon yenye 50 inachukua upana usiofika mita 1.8. Maharusi wameenea, mama mzazi yuko nje. Ukitaka mstari wa watu wa mita 5, rudi nyuma mita 11. Sebule gani Kibondo ina mita 11? Utapigia kwenye migomba ya jirani!

Lenzi ya kawaida ya kamera hizi ni 35 kwa Nikon, na kwa Canon tafuta kati ya 24 na 35. Ile Canon 24 nyembamba, mita 4 hizohizo, inachukua mita 3.7. Mama yumo, shangazi yumo.

Najua mtasema 50 ni nafuu na inafungua f/1.8, ukumbi wa giza inasaidia. Kweli, na bibi harusi akiwa peke yake nje inapendeza. Ila Nikon 35 ya DX nayo ni f/1.8 hiyohiyo, na ile Canon 24 ni f/2.8, bado inaishinda 18-55 kwa mwanga.

Kinachobaki ni sifa tu, ule ukungu wa nyuma wa Instagram. Mteja hakulipia ukungu! Kalipia bibi aliyepanda basi kutoka Kakonko. Miaka 10 mbele bibi hayupo, na kwenye albamu limebaki bega lake.

Madogo, kabla hujatoa hela, weka hiyo 18-55 yako kwenye 50, piga sebuleni. Halafu weka 35, halafu 24. Jibu utaliona bure.

Na wewe bwana mbwembwe, ukitaka kubisha njoo na futi, tupime.