Neno «excited» si lile la Kifaransa

Wiki hii tunaongea juu ya neno la Kingereza linaloleta maneno nyumbani. Binti anayesoma Kampala anaandika kwenye simu kwamba yuko «excited» kurudi likizo. Mama yake wa Bukavu, aliyesoma Kifaransa, anaona «excitée», moyo unamruka: mtoto ameharibika!

Hapana. Kwa Kifaransa, mtu akiitwa hivyo ni mtu asiyetulia, au mwenye tamaa ya mwili. Sisi hatulitamki mbele ya wakwe. Kwa Kingereza ni furaha ya kungojea jambo jema, kama watoto usiku wa kuamkia Noeli. Hata padri anaweza kuandikiwa. Basi, mama, acha hasira, mwandalie mtoto sombe.

Kosa la kweli liko pengine. Mwenye furaha ni «excited». Jambo linalomfurahisha ni «exciting». Anayesema «I am exciting» anajisifu kwamba yeye ndiye anayesisimua watu! Tena, kwa barua ya kuomba kazi, tunapendelea «keen». «I am keen to learn»: nina hamu ya kujifunza. Linaonyesha bidii, halina kelele.