Mgeni wa Marekani atuletee stori, kopo la maziwa aliache hukohuko

SEHEMU YA 1

 Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu ninaowapenda: ndugu zetu wanaoishi nje wanaokuja likizo na makopo ya maziwa ya unga kwenye begi, eti zawadi ya kichanga. Na nyie mnaoyapokea kwa vigelegele, nanyi mmo.

Jumapili tulienda kuwasalimia wa kwetu waliotoka Minnesota, wamefikia kwa bibi hapahapa Kiwalani. Siku ilikuwa tamu. Pilau, kachumbari, mkeka uani, watoto wao na Kiswahili chao cha kukwamakwama wanashangaa ndege zinavyopita karibu na paa (sisi hata hatuzisikii tena). Wifi akafungua mabegi. Viatu, manukato, chokoleti. Mdogo wetu mwenye mtoto wa wiki 5 akapewa fungu lake: makopo matatu ya gramu 900 na chupa mbili za kunyonyea. Bibi akasema, "Sasa mjukuu wangu atashiba."

Nilisema palepale kwamba mtoto huyu hana njaa. Nikajibiwa, "Nesi ameanza." Nusu saa haijaisha, chupa imeoshwa, shangazi watatu wanapokezana mtoto, mama yake kakaa pembeni anakula kwa raha. Na hapo ndipo penye shida yangu. Siku kama ile haina mtu mbaya. Wote wanacheka, wote wanampenda mtoto, na nani anataka kuonekana mkorofi mbele ya mgeni aliyelipia uzito wa begi?

SEHEMU YA 2

Tupige hesabu. Mtoto wa miezi miwili anayelishwa kopo tupu anakunywa kama mililita 700 au 800 kwa siku. Kopo la gramu 900 linatoa kama lita 7. Yaani siku 9 au 10 limekwisha. Makopo matatu ni mwezi mmoja. Wifi likizo yake ni wiki tatu.

Mwezi huo mmoja titi linafanya nini? Titi halina ghala. Linatengeneza kadiri linavyonyonywa. Kila chupa inayoingia ni zamu moja ya kunyonya imerukwa, na mwili unaelewa kwamba hakuna mteja. Siku mgeni anapanda ndege kurudi, mama amebaki na makopo matupu mazuri ya kuwekea sukari, na maziwa yake yamepungua kwelikweli. Sasa ndiyo anasema, "Mnaona, mimi sina maziwa."

Kinachofuata nakijua maana nakutana nacho wodini. Kopo la dukani ni ghali, kwa hiyo vijiko vinapunguzwa, palipotakiwa vinne vinawekwa viwili. Kisha maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji. Kisha uji, mtoto ana miezi mitatu! Kisha anaendesha, macho yanaingia ndani, kadi ya kliniki mstari unashuka. Na mtu aliyeleta kopo yuko Minnesota anatumiwa picha, anauliza mbona mtoto amekonda.

Halafu hayo maziwa ya unga si kitu kisicho na vijidudu, hata kopo likiwa limefungwa. Maji yanachemshwa, na unga unatiwa yangali moto, nyuzi 70 au zaidi, ndipo unapoza. Chupa nayo ichemshwe kila mara. Mkaa, madumu ya maji, usiku wa manane, mara nane kwa siku. Nani atafanya? Siku ya mkekani shangazi walikuwa watatu. Jumatatu mama yuko peke yake.

SEHEMU YA 3

Mtaniambia, "Mbona Wazungu wanawapa na watoto wao wananona?"

Nilimuuliza wifi. Akaniambia alirudi kazini mtoto akiwa na wiki 6. Marekani sheria ya taifa inampa mzazi hadi wiki 12 za likizo, bila malipo, na si kila mfanyakazi anahusika. Kodi ya nyumba haisubiri. Chupa kwake ilikuwa njia ya kuokoa kazi, na simlaumu hata kidogo. Nakataa tu dhiki ya kule ikifika huku igeuke ufahari.

Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mzazi siku 84 za malipo, 100 akiwa na mapacha, na akirudi kazini ana hadi masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Najua, wengi wetu tuna genge au cherehani, hatuna mwajiri. Lakini gengeni mtoto anakuwa mgongoni, titi liko karibu.

Na hata kule kopo si la kuaminika kihivyo. Mwaka 2022 kiwanda kikubwa cha maziwa ya watoto Michigan kilisimama kwa hofu ya bakteria. Rafu za maduka zikabaki tupu hadi serikali ikaleta maziwa kwa ndege kutoka Ulaya. Hiyo ni Marekani!

Tangu 1981 kuna mwongozo wa kimataifa unaokataza kampuni kugawia wazazi makopo ya bure, nasi tuna kanuni zetu. Kwa hiyo wodini hutamwona mtu wa kampuni na kopo. Ndugu zetu ndio wanaofanya kazi hiyo, bila mshahara, na nauli wanajilipia.

SEHEMU YA 4

Mama aliyekatazwa kunyonyesha na daktari, au mtoto aliyefiwa na mama, hawamo katika ugomvi huu. Hao kopo ni haki yao, na tutawafundisha kulitengeneza. Mwenye VVU anayetumia dawa zake vizuri, huyo mwongozo wetu unasema anyonyeshe.

Ninyi wengine, mtoto kulia kila saa karibu na wiki ya 3 na ya 6 si njaa ya kukosa maziwa. Anakua, anaagiza zaidi. Mwache anyonye. Ukitaka uhakika, hesabu nepi: zikilowa sita au zaidi kwa siku na uzito unapanda kliniki, ameshiba, bibi aseme asemavyo.

Mgeni akikuuliza alete nini, mwambie pampu ya kukamulia, au nepi, au hela ya supu na mtori wa mzazi. Au aje akufulie siku tatu ulale. Makopo yakishafika, toa shukrani, weka juu ya kabati, usifungue. Kama ulishafungua na titi limepungua, usikate tamaa, linarudishwa. Njoo kliniki na mtoto, tuangalie anavyoshika titi, na punguza chupa taratibu huku unamnyonyesha mara nyingi, usiku pia.

Mdogo wetu tumeanza naye jana. Kesho naingia usiku, maswali nitajibu nikitoka zamu.